Mgeni Mwenye Picha ya Alizeti

Hapo zamani za kale, wala si kale sana, maana simu zilikuwepo na chaji iliisha vilevile kama ya kwenu, palikuwa na Pimbi aliyeishi ndani ya jabali.

Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mnene, hana mkia, makazi yake ni mawe. Nani amecheka? Mkia alikuomba wewe? Kaeni vizuri, na huo mlango ufungeni kwanza. Hadithi hii mimi siisimulii mlango ukiwa wazi.

Haya.

Nyumba ya Pimbi ilikuwa na sebule mbele na chumba cha ndani nyuma. Sebuleni palikuwa na rafu, na rafu imejaa michezo. Sisemi bao, bao linajulikana na kila mtu. Nasema ile michezo ya maboksi: ya kujenga miji, ya kupitisha treni milimani, ya kuzima moto wa msitu wote kwa pamoja, yenye vinyumba vya mbao vidogo hivi, punje ya hindi ni kubwa.

Kila Jumamosi alasiri marafiki zake walifika. Alikuja Mzee Kobe, ambaye akifikia zamu yake chai za wenzake zinapoa. Alikuja Digidigi, ambaye akishindwa anaitukana dadu. Na alikuja Kanga, mwenye maneno mengi na bahati ya kutisha. Kanga akirusha dadu, sita! Akirusha tena, sita!

"Wewe una dawa," Digidigi alikuwa akilalamika.

"Dawa gani? Mkono wangu mzuri tu!" Kanga anajibu, huku anacheka.

Walikuwa na desturi moja. Aliyeshindwa siku hiyo ndiye aliyezoa majivu ya jikoni. Aliyapeleka chumba cha ndani, akasogeza kuni, akayasukuma nje kwa upenyo mdogo uliokuwa nyuma ya zile kuni. Kila mmoja alishashindwa mara nyingi, kwa hiyo upenyo ule waliujua wote. Hilo la majivu mliweke kichwani, msije mkaniuliza baadaye.

Siku za katikati ya wiki, kila mtu akiwa kwake, walicheza mtandaoni. Michezo ni ile ile, ila ya kwenye simu. Simu inachanganya karata, simu inarusha dadu, simu inakuonyesha pa kugusa. Raha tupu. Mpaka siku ile.

Ting!

Mgeni anaomba kuingia mezani. Jina lake Mpole. Picha yake haikuwa uso, ilikuwa ua la alizeti.

"Hatumjui," aliandika Pimbi.

"Dada Pimbi nawe!" aliandika Kanga. "Mtu mwenye ua la alizeti atamdhuru nani?"

Wakamwingiza. Lo! Alicheza huyo! Aliwashinda wote, kisha akaandika kwa adabu: "Poleni sana, wapendwa wangu. Asanteni kwa mchezo." Hata Digidigi alimpenda. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa, na siku zote zilizofuata.

Lakini Mpole alikuwa na maswali. Leo anauliza: "Mkikutana Jumamosi mnakuwa wangapi?" Siku nyingine: "Mna mbwa hapo nyumbani?" Siku nyingine tena: "Na mlango, ni mmoja au zaidi?"

Kanga akajibu yote. "Tuko wanne! Mbwa wa nini? Mlango ni mmoja tu, ule wa mbele, ukipanda jabali unauona. Karibu sana Jumamosi tucheze ana kwa ana!"

Upenyo wa majivu hakuutaja. Si kwamba aliuficha. Tangu lini mtu akautaja upenyo wa majivu?

Pimbi aliposoma hayo, alimpigia Kanga simu. "Kanga, umemwambia mlango wetu?"

"Mgeni ataingiaje asipojua mlango?"

"Na kwa nini aulize habari za mbwa?"

Hapo Kanga akausoma upya ujumbe wake. Naye akaanza kuhisi baridi kidogo, lakini ujumbe ukishatumwa umeshasomwa.

Jumamosi ikafika. Chai imechemka, mihogo imekaangwa, kiti cha tano kimewekwa. Upepo ukipita mlangoni, wanaruka.

"Labda haji," alinong'ona Digidigi.

Nje, kwenye majani makavu: kacha... kacha... kacha.

"Hodi," ilisema sauti. Sauti laini, tamu, ya mtu aliyelelewa vizuri.

Na Kanga, kwa mazoea yake, kabla Pimbi hajamziba mdomo: "Karibu!"

Mlango ukaingia giza. Kwanza zilionekana sharubu, halafu macho mawili ya manjano, halafu madoadoa, madoadoa, madoadoa. Alikuwa Chui! Chui mwenyewe, mzima, mwenye njaa, na simu shingoni.

"Habari za humu," alisema Chui. "Mimi ndiye Mpole."

Wanangu, waliogopa. Msidanganywe na wanaosema wanyama wadogo ni jasiri. Mzee Kobe alirudisha kichwa ndani ya gamba, kop! Miguu ya Digidigi ilikuwa inagongana ta-ta-ta-ta. Kanga alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna neno lililotoka.

Chui akaketi pale pale mlangoni, mgongo wake mlangoni, akaziba mwanga wote. Akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Wanne," alisema. "Kama nilivyoambiwa. Nianze na nani?"

Akainua mkono. Kucha zikatoka, chwa!

"Bwana Chui!" Pimbi aliita. "Ukitula sasa hivi, utaondoka hapa hujajua."

Mkono ukasimama hewani. "Sijajua nini?"

"Kama ulikuwa unatushinda wewe, au ilikuwa inatushinda simu."

"Nini?"

"Mimi sisemi kitu, bwana mkubwa. Ila watu wanasema. Wanasema kule simu inamrushia dadu, simu inamwonyesha pa kugusa. Mezani kwa mikono, wanasema, Mpole hata mtoto atamfunga."

"Nani anasema?" Chui alinguruma, ngrrrr, mpaka vikombe vikacheza. "Mimi ni bingwa! Mimi sijafungwa hata siku moja!"

"Ndivyo ninavyoamini mimi," alisema Pimbi upesi. "Lakini ukishatula, nani atashuhudia?"

Chui akafikiri. Huyu bwana alipenda nyama, ndiyo, lakini ushindi aliupenda zaidi. Akashusha mkono taratibu.

"Leteni mchezo. Nitawafunga wote, ndipo nile. Na atakayeusogelea mlango huu, namla kabla."

Pimbi akaenda kwenye rafu. Mgongo wake aliuhisi umetobolewa na macho ya Chui. Akili inakimbia. Akaupita mchezo wa miji, akaupita wa treni. Kwenye michezo hiyo watu wote hukaa mezani mpaka mwisho. Akavuta boksi la chini kabisa, lenye vumbi. Mchezo wa Visima.

Digidigi alishangaa, maana Visima hawakuupenda. Kila mchezaji anaanza na visima vyake vya mbao. Ukirusha dadu ukapata namba kubwa, ni lazima unyakue kisima cha mwenzako, yeyote unayemtaka. Ukipata ndogo, kisima chako kimoja kinakauka, unakirudisha kwenye boksi. Ukiishiwa visima, umetoka, unakaa unatazama wenzako wakicheza. Marafiki waliuona mchezo wa kikatili, ndiyo maana ulikuwa na vumbi.

"Aa, Visima!" alisema Chui, akatabasamu na meno yote. "Huu ndio wangu."

"Unajua desturi za mezani, Bwana Chui?" aliuliza Pimbi.

"Desturi gani tena?"

"Hapa kwetu, aliyetolewa hakai sebuleni, asije akamnong'oneza mwenzake. Anakwenda chumba cha ndani kungoja mwisho."

Kobe, Digidigi na Kanga wakatazamana. Desturi hiyo hawakuwahi kuisikia tangu wazaliwe. Kobe akatoa kichwa nje ya gamba, polepole. Akakitazama chumba cha ndani. Akazikumbuka zile kuni, akayakumbuka majivu. Ndipo akaelewa, na wenzake wakaelewa.

Chui naye si mjinga. Aliinuka, akaingiza kichwa chumba cha ndani. Giza, mawe, kuni zimepangwa. "Humu mna mlango mwingine?"

"Mlango gani kwenye mwamba, bwana mkubwa? Kanga mwenyewe alishakwambia, mlango ni mmoja."

"Ni kweli," alisema Chui, akarudi kuketi. "Vizuri. Chakula kitaningoja kabatini. Hata kwenye simu, mtu akishafungwa picha yake inapotea. Anzeni!"

Wakaanza.

Dadu ilikuwa inatikiswa kwenye kopo la bati. Cheke-cheke-cheke, pa! Digidigi alipata namba kubwa, akanyakua kisima cha Kobe. Chui naye akapata kubwa, akanyakua cha Kobe. "Pole, mzee!" alicheka. Kobe akarusha mwenyewe, akapata ndogo. Haikuchukua muda, Kobe akaishiwa.

"Nimetoka," alisema Mzee Kobe. "Mniwie radhi." Akashuka kitini, akaanza kutembea kwenda chumba cha ndani. Mnajua kobe anavyotembea. Wenzake walikaribia kulia kwa kungoja. Mwisho akapotea gizani.

Cheke-cheke-cheke, pa! Mchezo unaendelea. Mara, kutoka kule ndani:

Kwaruu... kwaruu...

Masikio ya Chui yakasimama. "Ni nini hicho?"

Ni gamba la Kobe, limebana kwenye upenyo! Pimbi akalikamata kopo, akalitikisa kwa nguvu zake zote. Cheke-cheke-cheke-cheke!

"Ni Kobe, bwana! Amenuna. Akishindwa huwa anajisugua ukutani. Mtu mzima, lakini ndivyo alivyo."

Kwaruu... kwaruu... Kisha kimya.

Chui akaangua kicheko. "Kumbe hata mezani wananuna!"

Akafuata Digidigi. Huyo hakuwahi kushindwa kwa hiari, lakini siku hiyo, dadu ilipomwonyesha namba ndogo, aliibusu kimoyomoyo. Akaishiwa visima. Akaingia ndani kwa miguu inayogongana, ta-ta-ta-ta. Sauti ikawa ndogo, ikazidi kuwa ndogo, haikusikika tena.

Wakabaki watatu. Kanga ana kisima kimoja tu. Anachohitaji ni namba ndogo. Namba ndogo moja tu, atoke, awafuate wenzake.

Akarusha. Cheke-cheke, pa!

Sita.

Kanga akaitazama ile dadu na machozi yakamjaa. Sita ni lazima unyakue. Anyakue cha nani? Akinyakua cha Pimbi, naye Pimbi amebakiwa na viwili tu, Pimbi atatoka mapema na yeye Kanga atabaki peke yake na Chui. Hilo hakuliweza hata kulifikiria. Akanyoosha bawa, akachukua kisima cha Chui.

"Umeninyakua mimi?" alisema Chui. Kucha zake zikazama kwenye meza, krrrrt, zikachora mistari ambayo mpaka leo ipo. "Sikia, ndege. Ukininyakua tena, nakumeza hapo hapo. Mchezo uishe au usiishe."

Zamu ikapita kwa Chui, ikapita kwa Pimbi, kisima chake kimoja kikakauka. Wakati huo Chui akamnyakua Kanga kisima kimoja, Kanga akabaki tena na kimoja. Zamu ya Kanga ikafika tena. Akalishika kopo. "Mkono wangu," alinong'ona, "leo nakuomba uwe mbaya."

Akarusha. Dadu ikaviringika, ikaviringika, inageuka. Pimbi aliiona inakotaka kulalia. Sita! Sita nyingine!

Pu! Goti la Pimbi likaipiga meza kutoka chini. Dadu ikaruka, ikadondoka sakafuni, ikaviringika hadi chini ya rafu.

"Aaa!" alipiga kelele Pimbi. "Imedondoka! Iliyodondoka haihesabiwi. Rusha tena, Kanga."

"Kwa nini haihesabiwi?" aliuliza Chui, macho yamekuwa membamba. "Mimi sijawahi kusikia."

"Kwenye simu dadu itadondokea wapi, Bwana Chui? Hii ni ya mezani. Kila anayecheza mezani anaijua. Ungekuwa umeshacheza mezani..."

"Naijua!" alikata Chui, kwa haraka. Aliona aibu, mnaona? Bingwa hakutaka kuonekana mgeni. "Nilikuwa nawapima. Rusha tena!"

Hiyo, wanangu, ilikuwa desturi ya kweli. Muulizeni yeyote anayecheza.

Pimbi akaiokota dadu, Kanga akafumba macho. Cheke-cheke, pa!

"Moja," alisema Pimbi.

Kanga alitoka mbio, kisha akakumbuka asikimbie, akatembea. Hakusema neno hata moja. Chumba cha ndani kikammeza.

Sasa wakabaki wawili: Pimbi na Chui. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba Pimbi alisikia tumbo la Chui likiunguruma. Hakuna wa kumtazama, hakuna wa kumshika mkono. Aliwaza kukimbia, lakini kutoka kiti chake hadi kwenye upenyo ni mbali kuliko mkono wa Chui. Ilibidi ashindwe vizuri, ashindwe polepole, bila kuonekana anataka.

"Unatetemeka," alisema Chui.

"Naogopa kushindwa, bwana."

"Sema kweli."

"Naogopa kuliwa," alisema Pimbi, na hapo hakuwa anadanganya.

Chui akarusha. Kubwa. Akanyakua kisima cha mwisho cha Pimbi, akakiinua juu.

"NIMESHINDA! Nimewafunga wote! Kwa mikono yangu! Simu iko wapi? Simu imefanya nini?"

"Hongera, bingwa," alisema Pimbi, akashuka kitini. "Acha niende ndani kwa wenzangu. Na wewe maliza kazi ya mshindi."

"Kazi gani?"

"Kupanga. Kwenye simu mchezo unajifunga wenyewe. Mezani, mshindi anarudisha kila kipande kwenye boksi, kila rangi mahali pake. Asipopanga, ushindi wake watu hawautambui. Lakini kama hujui kupanga..."

"Nani hajui kupanga? Nenda ndani! Nikimaliza naingia!"

Pimbi akageuka. Hatua moja. Nyingine. Nyuma yake alisikia vipande vinadondoka, tik, tik, tik. Makucha makubwa, visima vidogo! Chui anaokota, kinateleza. Anaokota, kinateleza. "Shenzi! Nyekundu na nyekundu... hiki kimeingia wapi?"

Pimbi akaingia gizani, akasogeza kuni, akatumbukiza kichwa kwenye majivu. Akajivuta. Kiuno kikakwama. Mihogo, jamani, mihogo ya miaka yote! Nje, kitu kikamshika masikio. Alikaribia kufa kwa hofu, kumbe ni mdomo wa Kanga unamvuta, na Digidigi anamvuta Kanga, na Mzee Kobe ameshikilia nyuma kabisa.

Fwaa! Akatoka, wote wakaanguka, weupe kwa majivu, wakaingia kwenye nyufa za juu za jabali ambako mkono wa chui haufiki.

Kule sebuleni Chui akaweka kipande cha mwisho. Akafunika boksi. Akajilamba.

"Haya," alisema kwa ile sauti yake tamu. "Chakula changu, tokeni."

Kimya.

"Kobe? Umenuna bado?"

Kimya. Akaingia. Alikuta kuni zimesogezwa, majivu yamesambaa, na upenyo ambao kichwa chake hakikuweza kupita. Alinguruma mpaka kokoto zikaporomoka. Alilizunguka jabali hadi jua likazama, akakuna mawe mpaka kucha zikauma. Mwisho akarudi mezani akaketi mbele ya viti vinne vitupu, akachukua simu, akaandika: "Nimeshinda."

Hakujibiwa. Pimbi alikwisha kuwaambia wanyama wa milima yote. Tangu siku hiyo, ua la alizeti likiingia kwenye meza yoyote mtandaoni, wengine wote wanatoka. Ting, ting, ting, picha zinapotea. Chui anashinda kila siku, na hana wa kucheza naye.

Marafiki walimsaidia Pimbi kuhamia jabali jingine na rafu yake. Bado wanacheza Jumamosi, na wageni wa mtandaoni bado wanacheza nao, wengi tu, watu wazuri. Lakini mkipita milimani mtaona pimbi mmoja amesimama juu ya jiwe wakati wenzake wanakula. Ni zamu yake ya kumwangalia anayepiga hodi. Na Kanga, siku hizi, akisikia hodi, anauliza kwanza: "Nani?"

Cheza na mgeni upendavyo, ila mlango wa nyumbani mfungulie uliyemwona uso.

Mimi nimemaliza, maji yangu ya kunywa yako wapi? Na nani aliyeufungua huo mlango?